Mama Grisi na Mlinzi wa Breki

Kuna wanaume wanaoogopa nyoka, na watu huwaelewa. Kuna wanaoogopa wakwe zao, na hao nao hupewa pole. Bwana Tangi aliogopa ngazi, na kwa mtu aliyezaliwa chini ya mnara wa pampu ya upepo, woga wa namna hiyo ni balaa. Balbu ya jikoni ikiungua, alisubiri mkewe arudi. Akipanda juu ya kiti, kiti kikatikisika kidogo tu, alishuka na kutangaza kwamba hata gizani chakula kinalika.

Kwa yeyote ambaye hajaziona pampu zile, mambo yako hivi. Kuna mnara wa vyuma, miguu yake minne imetanuka chini na kubanana juu. Kileleni kuna gurudumu kubwa la mapanga ya bati, na nyuma yake mkia mpana unaoligeuza gurudumu litazamane na upepo. Likizunguka, fimbo ndefu ya chuma hupanda na kushuka katikati ya mnara mpaka ndani ya kisima, na kila ikipanda huvuta maji. Maji huingia kwenye tangi la mawe, la duara, refu kumpita mtu, kisha hugawanyika: mengine hori la ng'ombe, mengine bustani, mengine bomba la jikoni. Upepo ukivuma watu wanaoga. Ukilala, watu wanaanza kutazamana.

Baba yake Bwana Tangi ndiye aliyeusimamisha mnara huo. Aliutoa kwenye shamba lililokuwa limeachwa, akausafirisha kipande kipande kwa mkokoteni wa ng'ombe, akauunga upya kwa kukisiakisia, na ulipoanza kutoa maji alizunguka boma zima akicheka peke yake kama mtu aliyelewa. Tangu hapo nyumba ile ikawa na sheria moja kubwa: upepo usipite bure. Chini ya mnara palikuwa na mkono wa breki. Ukiuvuta chini na kuunasa kwenye mnyororo, waya uliukunja mkia, gurudumu likageuka ubavu na kusimama. Ukiunasua, gurudumu lilirudi kazini. Basi yeyote aliyesikia upepo umeamka na pampu imenyamaza, awe mtoto, mgeni au mama mwenye unga mikononi, alipaswa kwenda kuinasua breki bila kuuliza. Watoto wa pale walifundishwa jambo hilo kabla ya kufundishwa kunawa uso.

Kilichobaki ilikuwa nani atapanda juu kutia mafuta. Mzee hakuwa na shaka: mwanawe wa kiume, wa pekee. Alimpandisha akiwa bado ana meno ya utotoni. Mtoto alipanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, akatazama chini, akagandamana na ngazi. Aliitwa, akabembelezwa, akatishwa, hakusikia. Baba yake alilazimika kumbandua kidole kimoja kimoja. Baada ya siku hiyo Mzee hakusema neno juu ya jambo lile, na kwa mtoto, ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko viboko.

Kijana akageukia tangi. Huko alikuwa mwamba. Kila kiangazi alifungulia matope, akaingia ndani peku, akasugua kuta, akaziba kila ufa kwa saruji laini aliyoipaka kwa kiganja kama anayempaka mtoto mafuta. Aliweza kugonga ukuta kwa ngumi akakwambia maji yamefika wapi. Tone likidondoka mahali, alilisikia akiwa kitandani. Kwa mambo mengine alikuwa mkarimu sana, lakini kwa maji alikuwa mkono wa birika, na ndiyo maana majirani wakambandika jina la Bwana Tangi. Hakulichukia. Lilimkumbusha kwamba kuna jambo analiweza.

Kisha akaoa.

Mke alikuwa binti wa fundi wa kuezeka mapaa. Kwao alikulia juu ya kenchi, zile mbao za paa, akimpelekea baba yake misumari, na kuhusu kuanguka alifikiria kama wengine wanavyofikiria kujikwaa. Hakuwa mrefu, hakuwa mnene, na aliongea polepole sana, kiasi kwamba mama mkwe wake alidhani mwanzoni kwamba wamepewa msichana mzito wa akili. Kiangazi chake cha kwanza pale, pampu ikaanza kulia. Ililia mchana kutwa, kilio cha chuma kukwaruza chuma, kikaingia mpaka kwenye vyakula. Mzee mgongo ulikuwa umemlaza. Fundi wa mbali aliahidi kuja, akaendelea kuahidi.

Bi harusi alitoka jikoni, akatazama juu, mkono umekinga jua.

"Baba," alimwambia mkwewe aliyekaa mlangoni, "mbona inalia hivi? Si inataka mafuta tu?"

"Inataka mafuta," alijibu Mzee. "Na mimi nataka mgongo mpya. Nani atapanda?"

Bwana Tangi alikuwa amesimama hapo hapo. Aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza kucha zake. Mkewe alimtazama, akamtazama Mzee, na akaelewa, bila kuambiwa, jambo ambalo familia ile ilikuwa ikilizunguka kwa miaka. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa suruali ya mumewe, ameikunja miguuni na kuifunga kiunoni kwa kamba, na mkononi ana kopo la grisi.

Mama mkwe alishika kichwa. "Jamani! Mtoto wa watu! Akianguka kwao tutawaambia nini?"

"Waambieni nilianguka nikifanya kazi," alisema bi harusi, akainasa breki, akapanda.

Alipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yao. Mzee, mgongo ukisahauliwa, alijikokota mpaka chini ya mnara akaanza kupiga kelele za maelekezo: fungua kifuniko cha kushoto, si hicho, kile kingine, futa kwanza, sasa tia. Bi harusi akateremka uso umejaa madoa meusi, na walipoinasua breki gurudumu likazunguka kimya kabisa, isipokuwa ile sauti yake nzuri ya fimbo, tu-ku, tu-ku, ambayo Bwana Tangi aliipenda tangu tumboni mwa mamaye. Mzee hakusema asante, kwa kuwa hakuwa mtu wa asante. Aliingia ndani akatoka na spana yake kubwa, ile ambayo hata mwanawe hakuruhusiwa kuigusa, akamkabidhi mkaza mwana wake mbele ya watu wote. Bwana Tangi alisikia aibu na fahari kwa wakati mmoja, na fahari ndiyo iliyoshinda.

Hivyo ndivyo alivyokuja kuitwa Mama Grisi. Watoto aliowazaa walikua wakidhani akina mama wote hunuka mafuta ya gia. Mzee alimfundisha kila alichojua, na alipofariki, yule mwanamke alikuwa ameshampita. Alijifunza kukata zile ngozi zinazobana ndani ya pampu: ngozi ya shingo ya ng'ombe, iliyolowekwa kwenye mafuta mpaka ilainike, ikatwe kwa kisu kikali na kutandazwa juu ya kibao. Wakati fulani alijaribu mpira wa gurudumu la gari kwa kuwa ulikuwa karibu, na pampu ikatoa hewa tu. Alikaa chini akajicheka mwenyewe, akasema, "Haya, nimejifunza," akaanza upya. Alikuwa na kipaji hicho cha kukosea bila kununa. Mashamba ya jirani yenye pampu kama ile yakaanza kumwita. Alikwenda kwa baiskeli, spana ikigongana na kopo kwenye kikapu, akarudi jioni na kuku au na shukrani, na vyote viwili alivipokea kwa uso ule ule.

Majirani walimtania mumewe bila huruma. "Mkeo yuko wapi?" waliuliza wakijua fika. "Yuko juu kwa mume mwenzio?"

"Yuko huko," alijibu Bwana Tangi. "Mwenzangu naye ana shida zake. Lazima apakwe mafuta."

Alitania, lakini moyoni alimhusudu sana mwanamke yule, na hakuona sababu ya kuficha. Wengine walikwenda kumtazama mke wa jirani. Yeye alikwenda kumtazama wake. Ila hakuweza kumtazama akiwa juu. Kazi yake siku za matengenezo ilikuwa kusimama kwenye breki. Mama Grisi aliinasa breki mwenyewe, akaitikisa, kisha akamweka mumewe hapo. "Usiondoke hapa hata nyumba ikiungua," alimwambia kila mara, kwa maneno hayo hayo, naye aliitikia kwa maneno hayo hayo: "Iungue." Akaugeuzia mnara mgongo, akaukamata ule mkono wa chuma, akasikiliza. Kwa masikio alijua yote: sasa anafungua kifuniko, sasa anapiga nati iliyoshika kutu, sasa anaimba, maana yake mambo mazuri. Aliposikia mguu wake kwenye kidato cha mwisho ndipo alipogeuka na kupumua.

Miaka ikaenda kwa mtindo huo, na hakuna kilichowahi kuharibika.

Siku yenyewe ilikuwa katika kiangazi kibaya. Upepo ulikuwa umelala kwa wiki na wiki. Gurudumu lilisimama kule juu, kunguru wakalifanya kiti. Maji tangini yalikuwa yameshuka mpaka Bwana Tangi akigonga ukuta ilibidi apige magoti. Asubuhi hiyo Mama Grisi alinusa hewa, akasema mabadiliko yanakuja, na afadhali abadilishe mafuta ya gia kabla upepo haujafika, ili ukifika ukute kila kitu tayari. Hakukuwa na mtu mwingine shambani isipokuwa wao wawili na mama mkwe, ambaye sasa alikuwa mkongwe. Macho yalikuwa yamemwacha karibu yote. Masikio hayakumwacha. Alikuwa jikoni akichambua maharage kwa vidole.

"Usiondoke hapa hata nyumba ikiungua."

"Iungue."

Akapanda. Bwana Tangi akageuza mgongo, akasikiliza. Kifuniko. Mafuta machafu yakimiminika kwenye ndoo. Kisha nyundo, ko, ko, ko, kwa nati iliyokataa.

Hapo ndipo aliposikia maji. Hayakuwa tone. Yalikuwa maji yanayokimbia, upande wa pili wa tangi, kwenye hori. Alijua mara moja: ng'ombe mwekundu, yule mkorofi, amejikuna kwenye bomba na kulivunja shingo. Maji yote yaliyobaki, ya ng'ombe, ya bustani, ya kunywa, yalikuwa yakimwagika kwenye vumbi.

"Mama Grisi! Bomba limekatika!" aliita. Nyundo ikaendelea. "Nakwenda kuziba, narudi!"

Nyumba ikiungua asingeondoka. Hilo lilikuwa kweli, na miaka yote alikuwa amelimaanisha. Lakini hakuna aliyemwambia kuhusu tangi. Aliuachia mkono wa breki, ambao ulikuwa umenaswa vizuri na haukuhitaji mtu wa kuushika, akakimbia.

Alimfukuza ng'ombe, akavua shati, akalisokomeza kwenye bomba, akalikandamiza kwa magoti huku maji yakimrukia usoni. Alikuwa katika hali hiyo, amelowa chepechepe na anamtukana ng'ombe na ukoo wake, upepo ulipofika. Ulikuja kama ambavyo mkewe alisema ungekuja. Uliinua vumbi, ukapiga bati la banda, ukamkausha mgongo. Alifurahi. Kwa kitambo kidogo alifurahi kabisa, mjinga yule, hata akasema, "Karibu."

Jikoni, mkongwe alisikia upepo pia. Akatega sikio. Upepo, na pampu kimya! Wiki na wiki za shida, na sasa neema imekuja, na hao vijana wake wamelala wapi? Hakujua kama kuna mtu juu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia, na nyundo, aliyodhani inagongwa bandani, ilikuwa imetulia. Alisukuma maharage pembeni, akashika mkongojo, akaufuata ukuta, kisha waya wa kuanikia nguo, kisha hewa tupu aliyoijua kwa miguu, mpaka chini ya mnara. Mkono wake ukaupata mkono wa breki palepale ulipokuwa siku zote. Akaunasua.

Bwana Tangi alisikia mkia ukifunguka. Alisikia gurudumu likigeuka, na baada yake kilio kimoja kifupi, kisha kishindo cha mwili kwenye mbao za jukwaa, kisha tu-ku, tu-ku, tu-ku. Sauti aliyoipenda maisha yake yote ilimtia baridi mpaka kwenye mifupa. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Alimkuta mama yake amesimama, uso kwa upepo, anatabasamu. Aliruka akauvuta mkono wa breki kwa uzito wake wote na kuunasa.

"Unaifunga ya nini?" Mama yake alikasirika. "Upepo unapita bure!"

"Mama! Yuko juu! Mke wangu... mkaza mwana wako yuko juu!"

Bibi yule hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye vumbi, mkongojo ukaanguka.

Bwana Tangi akaita juu. Kimya. Akaita tena, na safari hii alilazimika kufanya alilokuwa hajafanya miaka yote ile: akainua uso akatazama. Jukwaa la kule juu lilikuwa mbao mbili tu, halina kizuizi. Mguu mmoja wa mkewe ulikuwa unaning'inia nje. Kiatu kilikuwa kimeanguka. Mguu ulisogea kidogo, akasikia mguno, na baada ya mguno hakuna.

Alimpigia simu jirani wa karibu. Jirani alikuwa nyuma ya vilima na trekta lake. Alisema anakuja, anakuja sasa hivi, lakini sauti yenyewe ilikuwa ya mtu aliye mbali. Bwana Tangi alitazama mguu ule. Mkewe akizimia, atageuka. Akigeuka, ataanguka.

"Mama," alisema, "shika breki."

Mkongwe alijivuta kwa magoti, akaukumbatia ule mkono wa chuma kwa mikono miwili, akaulalia kwa kifua. "Panda, mwanangu," alisema, machozi yanamtiririka. "Hata nife, mkono huu hautoki hapa."

Basi akapiga moyo konde, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu mwili mzima ulikumbuka. Akaamua kutazama chuma kilichokuwa mbele ya pua yake tu. Na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, kwa mara ya kwanza maishani aliiona kazi ya mkewe. Kila nati ilikuwa imekazwa na kupakwa rangi dhidi ya kutu. Vidato vilivyochakaa vilikuwa vimeondolewa na vipya kuchomelewa mahali pake, na alama za tupa zilionyesha jinsi alivyovisugua visimkate mtu. Mahali mkono wenye mafuta ungeweza kuteleza, alikuwa amevizungushia vidato vipande vya mpira, safi, vimekazwa kwa waya. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna ambaye angekuja kuviona. Alikuwa amefanya yote haya huku juu, akiimba, na kurudi chini kupika chai. Bwana Tangi alijikuta analia akipanda, na hakujua kama ni kwa woga au kwa jambo jingine.

Angefika, labda, kama asingesikia maji. Shati lilitoka kwenye bomba. Masikio yake yaliyazoea mno maji yale. Kichwa kikageuka chenyewe. Akaliona tangi lake, tangi alilosimama ndani yake akaona kuta zinamzidi kimo, likiwa dogo kama sufuria. Dunia ikainama. Akafumba macho, akaingiza mikono miwili katikati ya vidato akajikumbatia na ngazi, na ikawa basi. Hakuweza kupanda wala kushuka. Alikuwa tena yule mtoto, ila sasa hakukuwa na baba wa kuja kumbandua vidole.

"Mama Grisi," aliita, sauti ikatoka kama ya mbuzi. "Mama Grisi, nimekwama."

Upepo tu.

"Nilikuwa nakuja kukuchukua. Nisamehe. Nimekwama."

Kisha kutoka juu, polepole kama kawaida yake, sauti dhaifu: "Umekwama wapi?"

"Sijui. Nimefumba macho."

"Umepita vile vidato vya mpira?"

"Nimevipita."

"Wewe? Umevipita?"

"Nimevipita, mke wangu."

Alisikia mbao zikilia. Alisikia mtu akigumia kwa maumivu ambayo hata kuyasikia yaliumiza, akipumua, akigumia tena. Vumbi la kutu likamwangukia kichwani. Halafu kitu kikagusa mkono wake, na alipofumbua jicho moja aliona unyayo wa mkewe, ule usio na kiatu, mweusi kwa mafuta.

"Nisikilize," alisema kutoka juu yake. "Usitazame chini, usitazame juu. Nitazame mguu. Mimi nikishusha huu, wewe unashusha wa kwako. Toa mkono wa kulia kwanza."

"Siwezi."

"Unaweza. Mkono mmoja wangu umevunjika, na mimi naweza. Wa kulia."

Akautoa. Ndivyo walivyoshuka, mke amening'iniza mkono mmoja kama kitambaa na kujishikilia kwa kiwiko cha mwingine, akihesabu kwa sauti ya mwalimu wa watoto wadogo: sasa wa kushoto, vizuri, sasa wa kulia, usikimbie. Walipofika chini Bwana Tangi alikaa papo hapo, katika matope ya maji yake mwenyewe yaliyokwisha kufika mpaka mnarani. Mama Grisi alibaki amesimama. Alikwenda kwanza kwa mkongwe, aliyekuwa bado ameilalia breki, macho ameyafumba.

"Mama, achia sasa. Nimeshuka."

"Siachii."

"Ni mimi. Shika uso wangu."

Mkongwe akaupapasa uso ule kwa mkono mmoja, wa pili bado uko kwenye chuma, na aliposadiki ndipo alipoachia na kupiga ukunga mmoja uliosikika vilimani. Mama Grisi alimkalisha kivulini. "Ungefanya nini, Mama?" alimwambia. "Upepo ulikuwa umekuja." Kisha akazimia.

Jirani aliwakuta hivyo, akawapakia kwenye gari lake mpaka zahanati. Mtulinga, mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika, na mkono juu ya kiwiko. Muuguzi aliyemfunga bandeji alishangaa. "Ulianguka juu ya mnara, na mkono uko hivi? Nani aliyekushusha?"

"Mume wangu," alisema Mama Grisi.

Jirani akageuka taratibu, akamtazama Bwana Tangi kama mtu aliyeona ng'ombe akisoma gazeti. Bwana Tangi akafungua kinywa kueleza ukweli. Mkewe akamtupia jicho, naye akakifunga. Muuguzi alimpongeza. Jirani alimpa mkono, akatoka nje kutafuta mtu wa kumsimulia.

Walibaki wawili kwenye benchi la korido, wakingoja dawa. Ukuta wa mbele yao ulikuwa na nyufa, na kwa mazoea yake aliona ni za plasta mbaya. Hakuweza kunyamaza.

"Kwa nini umewadanganya watu?" alinong'ona. "Niliondoka kwenye breki. Nikapanda nikakwama. Wewe ndiye uliyenishusha. Kesho nchi nzima itanisifu kwa kitu ambacho sikufanya, nitaweka wapi uso wangu?"

"Sijadanganya mtu."

"Mama Grisi, bwana!"

Mkewe alifumba macho kwa maumivu.

"Nilikuwa nimeshakata tamaa kule," alisema. "Nilikusikia ukiita mara ya kwanza, nikasema siwezi. Nikajaribu kunyanyuka, nikaona giza. Nikasema basi, acha nilale, litakalokuwa na liwe. Nilikuwa nimeridhika kabisa, nakwambia kweli. Halafu nikasikia mtu analia kwenye ngazi, na mtu mwenyewe ni wewe, umeshapita mipira." Akapumzika. "Hebu niambie. Ningekuacha vipi hapo? Nani mwingine angejua kukushusha?"

Bwana Tangi alilia pale pale kwenye benchi, mwanamume mzima, bila shati, matope mpaka kwenye nywele, mbele ya wagonjwa na watoto wao, na hakuona haya hata kidogo. Mkewe alimwegemea kwa bega lililo zima.

"Jifute kamasi," alisema. "Wanatutazama."